Manyunyu ya Mbinguni na Mawimbi Yake ya Redio

Mwezi wa Disemba mwaka 1945, vita vikuu vya pili vikiwa vimemalizika miezi michache tu nyuma, mtaalamu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Manchester, Bernard Lovell, alifikisha katika mashamba ya Jodrell Bank, jimboni Cheshire, magari ya jeshi yaliyosheheni mitambo ya rada, akaiweka penye ardhi ambayo hadi siku hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wa elimu ya mimea. Mjini Manchester kazi ilikuwa imemshinda, maana tramu za umeme zilizopita barabarani zilitoa cheche, na kila cheche iliingia katika vipokezi vyake na kufunika yote mengine. Kusudi lake lilikuwa kuipeleleza kwa mwangwi wa rada ile miale iitwayo miale ya kosmiki, jambo ambalo yeye na mkubwa wake, Patrick Blackett, walikuwa wameliandikia makala mwaka 1941, kwa hoja kwamba miale hiyo ipigapo anga huacha nyuma yake mkondo wa hewa iliyotiwa chaji ya umeme, na kwamba mkondo huo yapasa kurudisha mawimbi ya redio. Mitambo ilipowashwa mwangwi ulipatikana. Walakini ulipochunguzwa ukadhihirika kuwa ni wa vimondo, vile vijiwe viunguavyo angani usiku, na miale ya kosmiki haikurudisha kitu. Kutokana na kukosa huko chuo kilipata uwanja wake wa falaki ya redio, na mwaka 1957 ikasimama mahali hapo darubini ya redio yenye sahani ya upana wa mita 76, ambayo sifa zake zilienea duniani kote.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mada ninayokusudia kuieleza, nayo ni mawimbi ya redio yatolewayo na miale ya kosmiki ipigapo anga letu, imekwenda hivyo tangu asili yake: jambo hutafutwa kwa bidii likakosekana, likaachwa hata watu wakalisahau, kisha likarudi kwa mlango ambao hapana aliyekuwa akiulinda. Tena mara kwa mara kile ambacho wa kwanza walikiona ni fujo ya kuwaharibia vipimo, waliowafuata wamekifanya ndicho kipimo chenyewe.

Miale ya kosmiki ilijulikana tarehe 7 Agosti 1912, siku ambayo Victor Hess, mwana wa Austria, alipaa katika puto hadi kimo cha zaidi ya mita 5,000, amechukua ala za kupimia mnururisho, akakuta kwamba badala ya kupungua kwa jinsi alivyozidi kuiacha ardhi, mnururisho ulikuwa unaongezeka. Asili yake, basi, haikuwa katika miamba ya chini, bali katika anga za juu zisizo na mwisho, na ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Leo twajua kwamba miale hiyo, ijapokuwa jina la miale limeiganda, kwa kweli ni chembe: sehemu kubwa yake ni protoni, ambazo ni viini vya haidrojeni, na baada yake viini vya heliamu na vya elementi nzito zaidi hadi chuma. Nishati yao huhesabiwa kwa elektronivolti, yaani nishati ipatwayo na elektroni moja ikivuka tofauti ya volti moja, na zile ninazotaka kuzizungumzia hapa zina nishati ambayo tarakimu yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 17, nayo ni zaidi ya mara elfu kumi ya ile wanayoweza kuitia wataalamu wa maabara ya CERN katika protoni moja kwa mashine yao ya kilomita 27. Zipo pia za kupita hizo: tarehe 15 Oktoba 1991, katika jangwa la Utah huko Marekani, ilipimwa chembe moja yenye nishati ya kutosha kuinua mzigo wa kilo 5 kwa kimo cha mita moja, nishati yote hiyo ikiwa imebebwa na kitu kisichofika ukubwa wa atomu. Kwa bahati mbaya kwa wachunguzi, za daraja hiyo ni adimu mno. Katika eneo la kilomita mraba moja haianguki ila moja, kwa wastani, katika karne nzima.

Hakuna chembe kati ya hizi inayofika ardhini ikiwa nzima. Protoni hiyo huingia angani kwa mwendo usiopungukiwa na mwendo wa nuru ila kwa kiasi kisichotajika, na kwenye kimo cha kilomita 20 au 30 hivi hukutana na kiini cha naitrojeni au cha oksijeni. Hapo huzaliwa chembe nyingi ziitwazo pioni. Zile pioni zisizo na chaji hazidumu, hugeuka papo hapo kuwa miale ya gama. Mwale wa gama upitao karibu na kiini cha atomu huzaa jozi, elektroni moja na pozitroni moja, ambayo ni mwenzake elektroni katika kila sifa isipokuwa chaji yake ni chanya. Na hizo nazo zikipindishwa na viini vingine hutoa miale mipya ya gama. Kizazi huzaa kizazi kwa namna hiyo, hata katika kimo cha kilomita 4 au 5 juu ya bahari idadi imekuwa makumi ya mamilioni, na kuanzia hapo, kwa kuwa nishati imegawanywa mno na haimtoshi kila mmoja wa warithi, kundi huanza kupungua. Mambo yote haya, toka kuzaliwa hadi kuzimika, huchukua takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mfaransa Pierre Auger ndiye aliyeyathibitisha mwaka 1938 na mwaka uliofuata, alipotandaza vipimo vyake katika milima ya Alps, vingine vikiwa mbali na vingine kwa mita 300, akaona vikipigwa kwa wakati mmoja. Na tangu hapo kundi hilo likaitwa manyunyu ya hewa.

Sasa twende kwenye redio. Manyunyu hayo hushuka yakiwa katika umbo la sahani nyembamba, ambayo katikati unene wake ni mita chache tu, na ndani yake elektroni na pozitroni zimechanganyika. Dunia yetu, kama tujuavyo, ni sumaku, na uga wa sumaku huisukuma chaji hasi upande mmoja na chaji chanya upande wa pili. Kwa hiyo ndani ya sahani ile hutokea mkondo wa umeme uendao kwa mapana, ambao hukua kwa jinsi chembe zinavyokua idadi na hufifia zinapofifia, na mkondo wa umeme unaobadilika ndio chanzo cha kila wimbi la redio, liwe la kituo cha utangazaji au la cheche ya tramu. Ipo sababu ya pili, iliyoonwa na Gurgen Askaryan huko Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960: manyunyu yanapopita huzizoa elektroni kutoka katika atomu za hewa na kwenda nazo, huku pozitroni zikiangamia njiani kwa kukutana na elektroni, na hivyo sahani nzima huwa na ziada ya chaji hasi. Katika hewa sababu hii ya pili ni ndogo, na vipimo vilivyofanywa Argentina viliipa wastani wa asilimia 14 hivi ya nguvu ya uga wa ile ya kwanza. Lakini haipuuzwi, maana mawimbi ya sababu hizi mbili huelekea pande tofauti, yakajumlishana upande mmoja wa manyunyu na kupunguzana upande wa pili, hata doa la redio linaloanguka ardhini likakosa umbo la duara.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, vipi chembe ndogo kiasi hicho ziweze kutoa wimbi la kusikika na antena ya kawaida. Jawabu limo katika urefu wa wimbi. Wanaume wanaoshua jahazi pwani, kila mmoja akivuta kamba kwa wakati wake mwenyewe, chombo hakitasogea hata wangekuwa mia. Ila akiwepo mwimbishaji, na wote wakavuta kwa pigo moja la wimbo, chombo huteleza hadi majini. Elektroni za manyunyu nazo, maadamu wimbi lina urefu wa mita kadhaa na sahani yao haizidi hapo unene wa mita chache, hutoa mawimbi yao yote kwa pigo moja, kilele cha huyu kikikaa juu ya kilele cha yule. Kwa hali hiyo nguvu ya mawimbi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yao: chembe zikiwa mara kumi, nguvu huwa mara mia. Kwa mawimbi mafupi zaidi mapatano hayo huvunjika, isipokuwa mahali pamoja pa ajabu: kwa kuwa hewa huichelewesha nuru kidogo sana kuliko utupu, uko mzingo ardhini, wenye nusu kipenyo cha mita mia hivi, ambapo mawimbi yaliyotolewa katika vimo mbalimbali hufika yote kwa pamoja, na hapo mpigo huwa mkali na mfupi kuliko popote.

Masafa yanayofaa zaidi ni yale ya kati ya megahezi 30 na 80. Chini ya hapo yamejaa idhaa za mawimbi mafupi na ngurumo za mbali; juu yake kidogo, kutoka 88 hadi 108, ndipo zilipo idhaa za FM ambazo kila nyumba ya Afrika Mashariki inazisikiliza. Hata katika nafasi hiyo iliyobakia hapana ukimya, kwa sababu galaksi yetu yenyewe, Njia ya Maziwa, hutoa mvumo wa redio usiokoma usiku na mchana, na mpigo wa manyunyu, ambao hudumu kwa makumi machache ya nanosekunde, hauna budi kuushinda mvumo huo ndipo uonekane.

Waliousikia kwanza walikuwa John Jelley na wenzake, mwaka 1965, tena wakiwa Jodrell Bank ileile. Jelley alikuwa mtu wa kuridhika na zana duni, kwani miaka ya nyuma yeye na mwenziwe walikuwa wamekwisha kuuona mmweko wa nuru ya manyunyu angani kwa kioo kidogo walichokiweka ndani ya pipa la takataka. Safari hii walitandaza antena 72 zilizolenga juu, zikipokea masafa ya megahezi 44, na kando yake wakaweka vihesabio vya Geiger, ili manyunyu yakivipiga vihesabio, kamera ipige picha ya kioo cha osiloskopu wakati uleule. Katika picha 4,500 walizozipata, mpigo wa redio ulionekana bayana katika 11. Ni haba, lakini ilitosha kuwa shahada. Mwaka uliofuata wanahesabu wawili wa Manchester, Kahn na Lerche, walionyesha kwa hesabu kwamba sumaku ya dunia ndiyo inayotawala, wala si ziada ya chaji aliyoitaja Askaryan. Na kufikia mwaka 1971 Harold Allan alikuwa ameyakusanya maarifa yote ya jambo hili katika risala ndefu ambayo hadi leo yarejewa.

Baada ya hapo kazi ikafa. Vipimo vya kundi moja havikulingana na vya kundi jingine, televisheni na mitambo ya viwanda ilizidi kuchafua mawimbi, na siku ya mawingu ya radi umeme wa mawinguni ulizivuta elektroni za manyunyu hata mpigo ukawa mkubwa au mdogo bila ya kiasi, na mchunguzi asijue anapima nini. Wengi wakahamia njia nyingine, hasa ile ya kuangalia mwanga hafifu ambao naitrojeni huutoa inapopigwa, njia iliyo nzuri sana lakini isiyofanya kazi ila usiku wa kiza, pasipo mbalamwezi wala wingu, ambao ukijumlishwa haufiki sudusi ya muda wote wa mwaka. Kwa maoni yangu hapakuwa na kosa la fikra katika kazi ya akina Jelley na Allan. Walichopungukiwa ni vyombo, maana picha ya osiloskopu haiwezi kuhojiwa tena ikishapigwa, na antena zisipoweza kulinganishwa moja kwa moja, nanosekunde kwa nanosekunde, hakuna njia ya kuutenga mpigo uliotoka mbinguni na ule uliotoka kiwandani.

Kufufuka kwake kulianza mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2003 Heino Falcke na Peter Gorham waliandika kwamba darubini mpya za redio zilizokuwa zikibuniwa, ambazo ni antena nyingi nyepesi zinazounganishwa na kompyuta, zingeweza kuyaona manyunyu; na huko Karlsruhe, Ujerumani, zikawekwa antena 10 kando ya uwanja uliokuwa tayari na vipimo vya chembe. Mahali penyewe palikuwa pabaya, pamezungukwa na kelele za mitambo, lakini kompyuta iliweza kuzipanga ishara za antena zote kana kwamba zimeelekezwa nukta moja ya mbingu, na kelele za pembeni zikajifuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Nchini Ufaransa, huko Nançay, kundi jingine lilikuwa likifikia hayohayo kwa njia yake.

Lakini mahali ambapo elimu hii ilikomaa ni Uholanzi, karibu na kijiji cha Exloo, penye kiini cha darubini iitwayo LOFAR, iliyozinduliwa na Malkia Beatrix mwezi wa Juni 2010. Mtu aliyezoea picha za sahani kubwa za chuma akifika pale hataamini kwamba ameiona darubini. Kila antena ya masafa ya chini ni nguzo ya plastiki isiyozidi kimo cha mtu, yenye kikuza-ishara kidogo kichwani, na kutoka hapo nyaya nne za shaba hushuka kwa mshazari hadi karibu na ardhi, zimekazwa kwa mipira, na chini yake umetandazwa wavu wa chuma wa mita 3 kwa 3. Ni hayo tu; hakuna kinachozunguka wala kuelekezwa. Mamia ya nguzo hizo yamesimama katika kisiwa cha udongo kilichoinuliwa kidogo juu ya malisho, na kila moja hupimwa volti yake mara milioni 200 kwa kila sekunde, vipimo vikipita katika hazina ya muda inayohifadhi sekunde chache za mwisho na kufuta zilizotangulia. Kati ya antena vipo vipimo vya chembe. Vinapopigwa kwa pamoja hutoa amri, hazina ikafungwa isifutwe, na yaliyomo yakasomwa. Wanafalaki wengine huwa wanaendelea na kazi zao za nyota bila ya kusumbuliwa.

Mwezi wa Machi 2016 Stijn Buitink na wenzake walitoa matokeo ya manyunyu 118 yaliyopokewa hivyo. Kwa kila moja walitengeneza katika kompyuta manyunyu mengi ya kubuni, mengine ya protoni na mengine ya chuma, wakatafuta ni yapi ambayo doa lake la redio lalingana na lile lililopimwa. Msingi wa hoja ni huu: kiini cha chuma kina protoni na nyutroni 56, hivyo nishati yake tangu mwanzo imegawanyika mafungu 56, na manyunyu yake hufikia kilele juu zaidi na kutupa ardhini doa pana, ilhali protoni hupenya chini zaidi, na doa lake ni jembamba. Hesabu ilionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya chembe za nishati ile zilikuwa nyepesi, za haidrojeni na heliamu. Jambo hilo lina uzito kwa sababu wengi walitaraji kwamba katika daraja hiyo chembe zitokazo katika galaksi yetu zingekuwa nzito, zikiwa zimefikia ukomo wa nguvu za mabaki ya nyota zilizolipuka. Wepesi wake wamaanisha ama kwamba ndani ya galaksi yetu kuna chanzo kingine chenye nguvu, ama kwamba chembe za galaksi nyingine zimeanza kutufikia mapema kuliko ilivyodhaniwa. Kuitazama njia zilikotokea hakusaidii, kwa vile uga wa sumaku wa galaksi umekwisha kuzipindapinda. Uzito wao ndio ushahidi uliobaki.

Na ile radi iliyowavunja moyo watu wa miaka ya 1970? Mwaka 2015 wataalamu hao wa LOFAR waliyachukua manyunyu yaliyoanguka siku za dhoruba, ambayo mawimbi yake yalielekea upande usiotarajiwa, wakauliza ni uga gani wa umeme mawinguni ungeweza kuyageuza hivyo, na jawabu likapatikana. Ndani ya wingu la radi ni mahali ambapo ndege haipendi kupita na puto hupita mara moja likatoweka. Manyunyu hulipenya toka juu hadi chini bila ya kuligusa, na wimbi lake hushuka na habari za uga wa kila tabaka. Naliona hili kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika historia yote ya fizikia ya anga, kwa kuwa halikuhitaji chombo kipya hata kimoja.

Mfano wa namna hiyo ulitokea pia Bara la Kusini lenye barafu, ambako puto liitwalo ANITA lilirushwa msimu wa 2006 na 2007 kuzitafuta chembe za nyutrino, kwa tegemeo la rai ya Askaryan, iliyokuwa imethibitishwa maabarani Marekani mwanzoni mwa karne kwa kupitisha miale ya gama katika mchanga. Nyutrino hazikuonekana. Walakini katika kumbukumbu mlikuwa na mipigo 16 ambayo mawimbi yake yalitikisika mlalo, kinyume na ilivyotarajiwa kwa nyutrino, nayo ikatambuliwa kuwa ni mawimbi ya manyunyu ya hewa, mengi yake yakiwa yameakisiwa na barafu yakarudi juu hadi kwenye puto.

Kazi kubwa ya sasa iko Malargüe, chini ya milima ya Andes nchini Argentina, katika kituo kilichopewa jina la Pierre Auger. Katika mbuga ya kilomita mraba 3,000, penye ng'ombe na vichaka vya miiba, yamesimama matangi zaidi ya 1,600, kila moja na lita 12,000 za maji safi yaliyofungiwa gizani, mbali na jirani yake kwa kilomita moja u nusu. Chembe ikipita majini hutoa mmweko, na macho ya umeme yaliyo ndani huuona. Hapo ndipo ilipopimwa, katika uwanja mdogo wenye antena zaidi ya 150, ni kiasi gani cha nishati ya manyunyu kinachogeuka kuwa redio: kwa manyunyu ya elektronivolti ambazo ni 1 na sifuri 18, fungu la redio ni elektronivolti milioni 16 hivi. Kiasi hicho ni kidogo kupita kusema, lakini hakiathiriwi na ukungu wala mbalamwezi, na kwa ajili hiyo kimekuwa mizani ya kusahihishia vipimo vingine.

Kutokana na tajiriba hiyo ikaamuliwa kwamba kila tangi la mbuga nzima litiwe antena juu ya kichwa chake. Faida yake iko kwa manyunyu yajayo kwa mshazari, karibu na upeo wa macho, ambayo hupita katika hewa nyingi mno hata elektroni zake zikaisha kabla ya kufika, zikabaki chembe sugu ziitwazo muoni. Tangi, basi, huhesabu muoni. Antena hupokea wimbi ambalo elektroni zililitoa mbali huko juu kabla ya kwisha, na doa la wimbi hilo, kwa kuwa limeanguka kwa mshazari, hutanda juu ya makumi ya kilomita mraba na kuyafikia matangi kadhaa kwa pamoja. Uwiano wa muoni na elektroni ndio utakaoonyesha kama zile chembe adimu za nishati ya juu kabisa ni protoni au ni chuma. Zikiwa ni protoni, uga wa sumaku wa galaksi haukuzipinda sana, na huenda mstari wa njia yao ukarudishwa nyuma hadi kwenye galaksi iliyozirusha. Zikiwa ni chuma, njia hiyo imefungika, na itabidi nasaba yao itafutwe kwa kuyalinganisha mafungu ya chembe nzito na nyepesi katika kila daraja ya nishati.